Mtafsiri Aliyekaa Nje

Nilitoka Mwanza juu ya magunia ya dagaa nikidhani nakwenda Juba. Lori lilivuka mpaka Sirari, likapanda milima ya Kisii likilalamika, likashusha nusu ya mzigo Kisumu, halafu likavunja gia kabla ya Ugunja. Tulisubiri kipuri pale hadi harufu ya dagaa ikaingia kwenye nguo, kwenye nywele, na kwenye brashi zangu za kuandikia mabango, ambazo ndizo zilikuwa mali yangu yote. Lilipopona lilitufikisha Busia, tukakuta foleni ya malori imelala barabarani upande wa Kenya, madereva wamefua nguo na kuzianika kwenye vioo. Dereva wangu akazima injini.

"Shuka unyooshe miguu, Bongo. Hapa tunakaa."

Nilishuka. Lori liliondoka bila mimi, na Juba sijaiona hadi leo.

Miguu ilinivusha hadi upande wa Uganda kutafuta chai, na kabla ya chai nikasikia sauti. Ilitoka kwenye jengo refu la matofali lenye paa la bati, lile wanaloliita kibanda ingawa linameza watu kama kanisa dogo. Nyuma ya sauti kulikuwa na milio ya risasi, na sauti yenyewe haikuwa na haraka. "Huyu anamwambia mkewe, leo usipike, nitakula huko huko kwa adui. Mke anasema, basi beba ndizi, adui mwenyewe ni maskini." Ndani watu walicheka mpaka bati likalia.

Nililipa nikaingia. Kwenye shuka jeupe ukutani kulikuwa na watu wa Mashariki ya mbali wakipigana kwenye theluji, na bila shaka hakuna aliyekuwa ametaja ndizi. Nikamtafuta mwenye sauti. Karibu na projekta hakuwapo. Mbele hakuwapo. Nikaamua ni kanda iliyorekodiwa. Baadaye nikatoka kujisaidia, nikazunguka ubavuni mwa jengo, na hapo nikamwona. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati la mikono mirefu limepigwa pasi, amekaa kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Mwavuli ulikuwa umefungwa kwenye usukani. Alikuwa amesogea hadi dirishani, kipaza sauti mkononi, waya ukipita juu ya kizingiti cha dirisha kuingia ndani. Alinitazama nikifungua zipu, akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Choo iko kule. Hapa ni ofisi."

Kisha akarudi kwenye theluji bila kupoteza hata neno moja. Huyo ndiye aliyenifanya nikae Busia kuliko nilivyowahi kukaa popote tangu nitoke kwetu.

Jina lake nililijua, ila sikumbuki kulisikia likitumika. Upande wa Uganda walimwita vijei, jina wanalowapa watu wa kazi hiyo. Sisi wengine tulimwita Mtafsiri. Kazi yenyewe ni kukaa na kipaza sauti filimu ikienda na kuwaambia watu kinachosemwa, kwa lugha yao, papo kwa papo. Yeye alitumia Kiswahili cha mpakani, na mtu akichekesha sana alihamia Kisamia, na mtu akifa alitumia Ateso, kwa sababu, alisema, Ateso haina haraka ya kuzika.

Mimi nilipewa kazi ya kuandika ubao wa nje: filimu ya leo, saa ya kuanza, nani anapigana na nani. Mwenye kibanda alikuwa mama mmoja mnene, mpole, ambaye tulimwita Mama Kibanda. Kwake ndiko nilikoelezwa habari ya dirisha.

Mlango wa kibanda ulikuwa upande wa bondeni, unaotazama mtaro mkubwa. Zamani mvua ilipiga, maji yakajaa mtaroni, yakaingia, yakazamisha jenereta na mabenchi. Mama alipojenga upya alinyanyua sakafu na kuweka ngazi mbili za saruji, ndefu, na juu yake kizingiti. Maji hayakuingia tena. Mtafsiri naye hakuingia tena.

"Si eti sitaki kujenga ile ya kuteremka," Mama aliniambia. "Nikijenga mteremko, maji nayo inapanda kwa hiyo hiyo. Nimeuliza mafundi. Wote nasema hivyo."

Na alikuwa akisema kweli. Kila kiangazi alikaa na fundi mmoja au mwingine mbele ya ule mlango, wakapima kwa kamba, wakatikisa vichwa.

Vijana wa bodaboda walikuwa na suluhisho lao. "Mzee, sisi wanne tunakuinua, tunakupitisha kama bwana harusi."

"Bwana harusi anajua atatoka," aliwajibu. "Mimi nikiwa ndani na filimu ikawa mbaya, nitatoka vipi? Nitawangoja nyinyi mrudi kutoka stendi?"

Nilidhani ni mzaha. Siku nyingine nilimuuliza mwenyewe, tukiwa wawili, mvua ikidondoka kutoka kwenye bati hadi kwenye mwavuli. Alisema kwa upole kabisa, "Bongo, anayekubeba ndiye anayeamua unatoka saa ngapi. Nataka kuingia humo kama wewe unavyoingia. Nikae. Nikichoka, niondoke. Hakuna kingine." Akapangusa maji kwenye kiatu. Ndilo jambo pekee nililomsikia akilitaka kwa miaka yote niliyomjua.

Viatu vyake vilikuwa habari nyingine. Havikuwahi kukanyaga chini, na hakuna mtu Busia nzima aliyekuwa na viatu vinavyong'aa kama vyake. Alikuwa na maringo. Akipita mbele ya saluni alipunguza mwendo. Alikuwa mkali kwa waliochelewa, na aliwahi kunisema mbele ya watu kwa sababu ubaoni niliandika jina la filimu kwa chaki iliyofifia. Alikuwa mwongo pia, kwa maana ya kazi. Filimu za lugha asizozijua alizitunga tangu mwanzo hadi mwisho, na ikitokea mtu akasema, "Lakini mzee, jana huyu ulisema ni kaka yake, leo ni mjomba," alijibu, "Jana alikuwa bado hajasema ukweli."

Na alichukia huruma, lakini mpakani aliitumia kama stakabadhi. Kabla ya kazi ya kibanda alikuwa mmoja wa wale wanaovusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu kati ya Busia mbili. Sukari, mafuta, sabuni, chini ya kiti na nyuma ya kiti, askari wanatazama pembeni kwa sababu hawataki kuonekana wakimpekua kiwete. Alinisimulia akicheka. "Walinihurumia mpaka nikajenga nyumba." Nilipomwuliza hilo linapatanaje na yale mengine yote asemayo, alinijibu bila kuzunguka. "Halipatani," alisema. "Kwani wewe vyako vyote vinapatana?"

Kitu kilichonishangaza kuliko vyote, na ambacho nimejaribu kuwaeleza watu Lira, Arua na kwingine wasinielewe, ni alivyomtafsiria Kukhu.

Kukhu maana yake bibi, kwa Kisamia. Alikuwa mwanamke mzee asiyeona, muuza njugu, aliyezoea kukaa karibu na dirisha kwa sababu ya kivuli na kwa sababu ya hadithi. Siku moja akalipa kiingilio kama watu wengine, akaingia kwa kushika ukuta, akakaa benchi la mbele. Filimu ilipokwisha alizunguka hadi dirishani.

"Wewe unasema vizuri," alimwambia Mtafsiri. "Lakini kuna mahali unanyamaza, watu wanapiga kelele, halafu sijui nani amekufa."

Siku iliyofuata Mtafsiri alianza kutafsiri na vitu visivyosema. "Sasa mlango unafunguka, polepole. Mtu anaingia, mrefu, hajanyoa. Anaangalia meza. Juu ya meza kuna kisu, yeye bado hajakiona. Kukhu, sisi tumekiona."

Vijana walikasirika. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Vijei, tunaona wenyewe!"

"Wewe unaona," sauti ikatoka kwenye spika, taratibu. "Mwenzako amelipa kama wewe. Ngoja nimalizane naye."

Walinung'unika majuma kadhaa. Kisha nikaona jambo. Walianza kutulia. Mtu akisema kwamba kuna kisu mezani na yeye hajakiona, unakitazama kile kisu kwa namna nyingine. Kijana yule yule wa nyuma aliniambia baadaye kwamba aliangalia filimu moja kwenye simu, peke yake, akaona kama ina mashimo.

Alikuwa na nadharia yake ya sinema, naye aliitoa hata asipoulizwa. Alisema filimu zote za dunia zina viwete wa aina tatu: mwizi, malaika, na yule anayepona mwishoni. "Sijaona hata mmoja anayedaiwa kodi ya nyumba," alisema. Alimpenda mwizi, kwa sababu mwizi angalau ana mipango. Malaika alimpitia haraka. Yule anayepona alimchosha kabisa. Filimu ikifika pale ambapo mtu anainuka kwenye kiti, muziki unapanda, familia inalia, yeye alisema kwenye kipaza sauti: "Wanafurahi. Mimi nauliza tu, ile baiskeli sasa wanampa nani?" Na kibanda kizima, watu waliokuwa karibu kulia, walikuwa wanacheka.

Kwa hiyo lilipokuja shirika moja na filimu fupi za kuelimisha watu kuhusu ulemavu, wakitafuta mtafsiri wa kuzunguka nao Lumino, Lunyo na Molo ya upande wa Tororo, niliwaonea huruma wao. Lakini alizitazama zote kwanza, kimya, akakubali. Moja ilimhusu msichana anayekwenda shule, nyingine mkulima asiyeona anayepalilia kwa kufuata kamba. "Hawa hawaponi," aliniambia. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Nilikwenda naye kushika nyaya. Lumino na Lunyo mambo yalikwenda salama. Molo, tulipoteremka kwenye gari, mwenyekiti wa kijiji alimshika mkono dereva wetu kwa mikono miwili, akamwita mheshimiwa mtafsiri, akampa kiti kwenye meza. Mtafsiri akaelekezwa kwenye mstari wa kando ambako walikuwa wamepangwa wagonjwa na wazee waliokuja kusaidiwa. Nilitaka kusema kitu, akanikonyeza ninyamaze. Akakaa pale katika hotuba zote, akiwasalimia jirani zake kwa Ateso na Dhopadhola.

Hatimaye mwenyekiti akasema, "Sasa tumkaribishe mtafsiri." Watu wakapiga makofi wakimtazama dereva. Dereva akatazama ardhi.

"Niko hapa," ikasema ile sauti, ya spika bila spika. "Nimewekwa kwa wagonjwa. Nimewauliza, na wengi hawaumwi."

Mwenyekiti alitaka kuzama. Mtafsiri alimpita, akageuza baiskeli, akamwambia kwa sauti ya chini, "Hukukosea sana, mzee. Umeona filimu nyingi, basi."

Nilimwona mkubwa siku ile, lakini nilimwona pia akikwama. Baada ya filimu baba mmoja alisogea. "Mtoto wangu hasikii. Hii yako ataipata vipi?"

"Sijui," alisema Mtafsiri. "Mimi kazi yangu yote ni mdomo." Njiani hakuongea hadi mwamba wa Tororo ukaonekana mbele yetu. Halafu akaanza, na hakuacha tena: aliwasumbua watu wa shirika kwa simu asubuhi na jioni, mpaka walipompata mwalimu wa lugha ya alama wa kusimama kando ya shuka na taa yake. Waliporudi Molo, Mtafsiri aliongea polepole zaidi ili mwalimu amfikie. Hilo hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote.

Katika lile shirika kulikuwa na dada wa kamera, mwenyeji wa Kampala, mwenye maneno machache. Yeye ndiye aliyetaka kutengeneza filimu fupi kumhusu Mtafsiri. Alikuja Busia, akatazama kibanda, akatazama ngazi, akawaona wale vijana wa bodaboda. Akapata wazo: wamwinue wampitishe mlangoni, yeye apige picha.

"Watu waone jinsi mji unavyokupenda, mzee."

"Wananipenda, kweli. Lakini mimi nakaa dirishani. Piga dirisha."

"Dirisha linasikitisha."

"Halisikitishi. Linachosha."

Yule dada alikaa kwenye ngazi akafikiri kwa muda mrefu. Kisha akaomba kamba, akaifunga kamera yake mbele ya baiskeli, chini, kwenye usawa wa magurudumu, akamwambia aende kazini kama kawaida na asiongee. Hilo la mwisho lilikuwa gumu.

Filimu ilipokamilika waliileta ionyeshwe kwanza pale pale kibandani. Ilijaa. Mtafsiri alikuwa dirishani na shati jipya, kwa sababu kwenye filimu dada alikuwa anasimulia kwa Kiingereza na lazima mtu atafsiri. "Huyu bwana mnayemwona," alianza, "mwenye viatu hivyo, ni mtu wa heshima." Watu wakacheka. Wengi waliokuwa ndani hawakuwahi kujua sauti ilikokaa. Walipoona kwenye shuka mgongo wake, mwavuli, na waya unaoingia dirishani, vicheko vilipungua. Mtu mmoja akageuka kumtazama dirishani, kisha benchi lake, kisha wote. Yeye akawaambia kwenye spika, "Filimu iko mbele."

Wakageuka tena. Sasa kamera ilikuwa inapita uchochoro wa wauza mkaa, ule anaoupitia kila siku kukwepa barabara ya malori. Gurudumu linazunguka, na pembeni ukuta wa matofali, na chini ya ukuta matundu matatu ya hewa yanapita, moja baada ya jingine, karibu na ardhi.

"Ngoja," akasema Mama Kibanda. Alikuwa amesimama nyuma, karibu na jenereta. "Rudisha hiyo."

Dada akarudisha. Ukuta ukapita tena, matundu yakapita.

"Hii ukuta ni ya nani?"

Sote tulikuwa tunaelewa kwa wakati mmoja. Matundu matatu yalikuwa mbele yetu, chini ya shuka, karibu na sakafu. Ulikuwa ukuta wenyewe tuliokuwa tunautazama. Nyuma yake ardhi ilikuwa juu, sawa na sakafu, haina mtaro, haina ngazi. Miaka yote mafundi walipima mlangoni, kwa sababu mlango ndio wa kuingilia. Ukuta ule kwetu haukuwa ukuta. Ulikuwa mahali pa picha. Ulikuwa nchi za theluji na majumba ya matajiri, na nani angefikiri kwamba nyuma ya nchi hizo kuna wauza mkaa?

"Ni yako, mama," mtu akasema.

Tuligeuka dirishani. Mtafsiri alikuwa ameshusha kipaza sauti. Alikuwa akiupita ukuta ule kila siku, karibu sana hadi kiwiko chake kiliugusa. Uso wake sijui niuelezeje. Filimu ikaendelea bila yeye, Kiingereza kitupu, na hakuna aliyelalamika. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, bila kipaza sauti, na tukamsikia wote.

Mama hakungoja kiangazi. Fundi alitoboa ukuta, akaweka fremu pana ya mlango, shuka likahamia ukuta wa ubavuni, tukageuza mabenchi. Kazi hiyo ilikwisha wakati mimi tayari nimepatana na lori la chumvi litakalopitia Tororo kwenda Lira. Nilikuwa nimekaa mno. Nimeumbwa hivyo, na mahali nikipapenda sana huwa naanza kupakumbuka kabla sijaondoka.

Siku ya mlango mpya ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho. Mchana, watu wamejaa, Mtafsiri alikuja kwa uchochoro wa wauza mkaa. Mlangoni alisimamisha baiskeli, akatoa kiingilio mfukoni, akampa Mama. Mama alitaka kukataa, akamtazama machoni, akapokea. Mtafsiri akaingia. Hakuna aliyepiga makofi, sijui kwa nini, tulijua tu kwamba isifanyike. Akaegesha baiskeli mwisho wa benchi la kati, akaweka mikono mapajani.

Filimu ikaanza, ya watu wa Mashariki ya mbali. Kipaza sauti kilikuwa juu ya kiti mbele, kimewekwa tayari. Hakukigusa.

"Vijei," mtu akauliza baada ya muda, "huyu nasema nini?"

"Sijui. Leo nimelipa."

Kisha nikamsikia Kukhu kutoka benchi lake. "Nyinyi mnaoona, nini kinatokea?"

"Kuna mtu anakimbia, Kukhu," akasema kijana mmoja.

"Mtu gani?"

"Mwanamume. Ana... ana shati."

"Shati gani? Anamkimbia nani?"

Mwingine akasaidia, halafu mwingine, wakipishana, wakikosoana, vibaya kabisa, kibanda kizima kikitafuta maneno. Mtafsiri hakugeuka. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, na mwanga wa picha ulikuwa unapita usoni mwake.

Nje, lori la chumvi likapiga honi. Nilisimama nyuma yake na mfuko wangu begani, mkono wangu karibu na bega lake. Nikaurudisha, nikatoka. Sikumuaga. Alikuwa anaangalia filimu.